Mkwe, Mama Mkwe na Ufukwe wa Saba

Safari ile haikuwa yao. Ilikuwa ya muuguzi wa chumba cha upasuaji ambaye, kwa miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kwenda popote na mumewe isipokuwa kwenye harusi za watu na misiba ya watu. Mwaka ule akasema basi. Akadunduliza miezi kadhaa, akalipia siku nne kwenye kisiwa kidogo alichokiona katika kijitabu cha wageni, na kijitabu chenyewe akakibandika kwenye mlango wa friji ili kila anayefuata maji ya kunywa akione. Zikiwa zimebaki siku tatu, akateleza kwenye ngazi za hospitali, mguu ukavunjika mahali pawili.

“Nauli hairudi,” alisema akiwa amejilaza kwenye kochi, mguu ndani ya plasta juu ya mito miwili. “Chumba nacho hakirudi. Majina wanakubali kubadilisha. Mtakwenda ninyi.”

Hao “ninyi” walikuwa wameketi pande mbili za sebule, mmoja mlangoni, mwingine dirishani. Wa mlangoni alikuwa mumewe, fundi wa makochi, mtu mrefu na mpole ambaye hawezi kukalia kiti cha watu bila kwanza kukibonyeza kwa kiganja. Wa dirishani alikuwa mama mzazi wa muuguzi, mjane, mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini mama huyo alizunguka masokoni na madukani na mkoba wake wa mawe ya kupimia, hata wafanyabiashara wakamwita Mama Mizani. Jina likamganda. Mpaka wajukuu wa dada yake walimwita hivyo hivyo.

Mkwe na mama mkwe hawakuwa wamegombana. Afadhali wangegombana, wakasuluhishwa, yakaisha. Wao walikuwa wameheshimiana mpaka wakakosa la kusema. Salamu walipeana, tena salamu nzito za kuinamisha kichwa, lakini baada ya hapo kila neno lilipitia kwa muuguzi.

“Mwambie mama nina kazi za watu,” alisema fundi. “Seti nzima imebaki mifupa mitupu karakana.”

“Mwambie mumeo mimi siachi mgonjwa peke yake,” alisema Mama Mizani, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwa mkwewe.

“Wifi anakuja kesho kukaa nami,” alisema muuguzi. “Makochi hayaozi. Na mimi nimechoka kuwa posta. Nendeni mkakione hicho kisiwa, mje mnisimulie.”

Lilikuwapo jambo katikati yao, na fundi aliamini kwamba analijua vizuri. Wiki mbili kabla hajaenda kujitambulisha nyumbani kwa mchumba wake, mkaguzi mmoja wa kike aliingia dukani kwake, akaokota juu ya meza kile kijiti cha mita alichotumia kupimia wateja vitambaa, akakilaza kwenye chuma chake cha kupimia. Kijiti kilikuwa kifupi kwa upana wa kidole gumba. Fundi alikuwa ameachiwa kijiti hicho na bwana aliyemfundisha kazi, ncha zimelika kwa miaka mingi ya kugongwa mezani, na hakuwahi kukitilia shaka. Mkaguzi akakiandikia karatasi, akakivunja vipande viwili kwenye goti lake, akatoka. Fundi alipokwenda kubisha hodi kwa wakwe, shati limenyooka, zawadi mkononi, aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamke yule yule. Tangu siku hiyo alihisi kwamba mama mkwe, kila akimtazama, anaona mita iliyopungua.

Boti ilichukua saa mbili. Haikufika nusu saa uso wa fundi ukawa kama majivu. Alikaza meno, akatazama mbali, akajaribu kuwaza misumari, maana mtu hatapiki mbele ya mama mkwe. Mama Mizani alimwangalia kwa pembe ya jicho, akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki wenye mayai ya kuchemsha, akayahamishia mayai kwenye kitambaa chake cha mkononi, akamsogezea mfuko.

“Tapika, baba. Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa.”

Akatapika. Mama akampa maji kisha akamgeuzia kisogo, ili amalizie aibu yake faraghani. Fundi alijua kwamba aibu hiyo ingemtosha kwa siku zote nne.

Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa moja, kuta zimepakwa chokaa, ngazi nyembamba ya mbao inayolia kila mtu akipanda. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene wa makamo ambaye akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika. Aliwatangulia mpaka juu, akafungua mlango kwa madaha. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja kipana, shuka nyeupe, na juu yake taulo mbili zilizokunjwa mfano wa ndege wawili wanaogusanisha midomo.

Wote watatu wakasimama mlangoni.

“Kitabu changu kimeandika bwana na bibi,” alisema mwenye nyumba.

“Huyu ni mama mkwe,” alisema fundi.

Mabega ya mwenye nyumba yakaanza kazi. Mama Mizani akaingia, akawakamata wale ndege, akawakunjua mmoja baada ya mwingine, akampa mkwewe taulo moja. “Huyu mtafutie pengine,” alisema. “Na mimi chakula cha jioni sili. Nina mayai.”

Pengine palikuwa stoo ya chini. Fundi aliwekewa humo kitanda cha kukunja, kando ya viti kumi na viwili vya kulia chakula vilivyopangwa ukutani. Kabla hajalala alivibonyeza vyote. Vyote vilikuwa vimezama.

Asubuhi kila mmoja aliamka na mpango wake, na mpango ulikuwa mmoja: kumkwepa mwenzake kwa adabu. Wakati wa chai Mama Mizani alimuuliza mwenye nyumba mkwe wake anaelekea wapi. Akaambiwa ameshika njia ya kulia, ya mnara wa taa.

“Basi mimi nakwenda kushoto,” alisema, akatoka na kofia yake ya ukili na mkoba.

Kisiwa kilikuwa na njia moja kuu, nayo ilikizunguka kama pindo la nguo. Hapakuwa na gari. Mizigo ilibebwa na trekta moja dogo lenye tela, na dereva wake alisimama kila alipokutana na mtu mwenye habari. Fundi alipita gati, akapita ofisi ya posta inayofunguliwa siku mbili kwa wiki, akapita uwanja wa mpira wenye goli moja tu, kwa sababu upande wa pili mpira ungeangukia baharini. Baada ya hapo nyumba ziliisha, yakaanza mawe, vichaka vifupi vilivyolazwa na upepo upande mmoja, na mbuzi wanaomtazama mgeni kana kwamba wao ndio wenye kutoa vibali. Kila penye mandhari nzuri palikuwa na kibenchi. Fundi alivikalia vyote. Moyo wake ulianza kutulia.

Alipopita mnara na kukata kona, akamwona mtu anakuja na kofia ya ukili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Umelalaje?”

“Salama. Huko kuna nini?”

“Kuna shule. Na huko?”

“Kuna mnara.”

Wakapishana. Ilipopita karibu saa nzima, fundi akiwa amekaribia tena gati, kofia ikatokea upande wa pili. Akaamkia tena, maana kupita kimya kusingewezekana. Safari hiyo akaona ajitenge kabisa: akaacha njia kuu, akashika kichochoro kinachokata katikati ya kisiwa, kati ya kuta za mawe na bustani za mboga, akanyooka mpaka kwenye tanuri la mikate. Mwoka mikate alikuwa ameota unga mpaka kwenye nyusi. Mbele ya dirisha lake alisimama mteja mmoja. Mteja akageuka.

“Shikamoo,” alisema fundi, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Mama Mizani alisukuma kofia nyuma. “Baba, kwa mwendo huu mpaka jioni tutakuwa tumeamkiana mara kumi. Kisiwa hakitutoshi. Tutembee pamoja tu, kila mtu anyamaze kivyake.”

Wakanunua mkate mmoja wa moto, wakaketi kwenye ukuta, wakaumega. Ulikuwa mkate mzuri, ganda gumu, ndani laini kama sponji mpya. Mama Mizani akatoa kijitabu cha wageni. Alikuwa amekibandua kwenye friji la binti yake.

“Hawa wameandika mzunguko wa kisiwa ni kilometa sita,” alisema. Haikujulikana anamwambia nani. “Nimehesabu hatua zangu. Ni nne na nusu, tena nimewapendelea.”

Fundi alitafuna, akameza. “Mimi nimepata nne na robo tatu, mama. Ila pale kwenye mawe makubwa hesabu ilinipotea kidogo.”

Mama Mizani akageuka. “Kumbe na wewe ulikuwa unahesabu?”

“Mkono ukishazoea kupima, mama, na mguu nao unafuata.”

Hakutabasamu, lakini alimmegea mkwewe kipande kikubwa kuliko chake.

Kuanzia hapo walipata kazi. Kijitabu kilisema mnara una ngazi mia moja. Wakapanda, wakahesabu tisini na sita. Mlinzi wa mnara, mzee mwembamba mwenye darubini kifuani, alijitetea kwamba nne nyingine ziko nje, akawashusha kuwaonyesha, na kweli zilikuwako, zimefunikwa na mchanga. Mama Mizani akakubali, akaandika. Kijitabu kilisema kuna duka la vitu vya kale. Wakakuta duka la sabuni, mafuta ya taa na kamba, na saa moja ya ukutani iliyokufa. Kijitabu kilisema wakazi ni wakarimu. Hilo Mama Mizani hakujua alipime vipi, mpaka jioni ya siku ya pili alipogundua kwamba mkobani mwake mna machungwa manne, nusu boga na kipande cha jibini, na hakuna hata kimoja alichokinunua.

Kufikia jioni hiyo walikuwa wamekijua kisiwa kama mtu anavyoijua nyumba aliyohamia: wapi upepo unaingia, wapi jua linachelewa, mbwa yupi anabweka kwa ugomvi na yupi kwa upweke. Walijua kwamba mlango wa shule haufungi, na kwamba kila mtu anautegemeza kwa jiwe lile lile. Dereva wa trekta alikwisha kuwabatiza: fundi Futi, kwa futi ya kukunja iliyo mfukoni mwake daima, na mama Mizani, bila kujua kwamba hilo la pili ni jina la siku nyingi. Lakini mazungumzo yao wenyewe yalikuwa bado ya namba. Mita ngapi, hatua ngapi, dakika ngapi. Namba zikiisha, walinyamaza.

Namba moja iliwashinda. Kijitabu kilisema fukwe saba, nao walikuwa wamezihesabu mara mbili wakapata sita.

“Wa saba uko nyuma ya rasi,” aliwaambia mama wa duka la sabuni. “Huonekana maji yakipwa tu. Nendeni asubuhi, mpite ule uwazi kati ya majabali. Lakini saa tano muwe mmetoka. Maji yakishaziba uwazi, mtakaa huko mpaka saa kumi na moja jioni.”

Walifika saa nne. Waliinama, wakapita uwazini, viatu mkononi, wakatokea mahali ambapo hata Mama Mizani alisahau kuhesabu. Ufukwe wenyewe ulikuwa mdogo, umezungukwa na jabali pande tatu, mchanga mweupe usio na alama ya unyayo hata mmoja. Maji yalikuwa yametulia, ya kijani kibichi, na chini yake kila kokoto lilionekana. Mama alisogea mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Fundi hakuwahi kuiona miguu ya mama mkwe. Ilikuwa midogo kuliko alivyodhani, na kidole gumba kimepinda kwa miaka ya viatu vya kazi.

“Haupo kwenye picha zao hata moja,” alisema mama.

“Pengine hawakuwahi kufika.”

“Una futi?”

Fundi akaitoa mfukoni, ile ya kukunja, ambayo hakuwahi kutoka bila kuwa nayo. Akashika mwanzo, mama akashika mwisho. Wakapima urefu: mita thelathini na moja, wakihama kidogo kidogo na kuchora mistari mchangani. Wakapima upana upande mmoja, kisha mwingine, wakabishana kama ufukwe unaanzia kwenye mchanga mkavu au mbichi. Fundi alishika ukaidi, mama naye akashika wake. Walipokubaliana na kuinua vichwa, mistari ya kwanza ilikwisha kufutika, na pale penye uwazi kati ya majabali mawimbi yalikuwa yanaingia na kutoka kwa raha zao.

Fundi alitazama saa. Saa tano na dakika tano.

“Niende nikajaribu,” alisema, tayari anakunja suruali.

“Utajaribu nini? Wewe boti tu imekushinda. Tazama hapa.”

Lilikuwapo jiwe kubwa limeegemea jabali, juu yake bapa, lenye kivuli. Ubavuni palichorwa mstari mweupe wa rangi na neno MWISHO. Mama Mizani alipitisha kiganja chini ya mstari, akagusa majani ya bahari na kome walioshikilia. Akapitisha juu yake, pakavu. Akagonga jiwe mara mbili.

“Mstari wa kweli,” alisema. “Maji hayavuki hapa. Panda kwanza, halafu univute.”

Fundi akapanda. Akanyoosha mkono, akaurudisha nusu, akaunyoosha tena.

“Nivute, baba. Mimi si kioo.”

Walikaa. Simu ya fundi haikuwa na mtandao hata wa kudanganyia, na ya mama ilibaki chumbani. Walikuwa na mkate nusu, mayai mawili, machungwa na chupa ya maji. Saa ya kwanza ilipita bila neno. Maji yalipanda, yakafunika mistari yao yote, yakafunika mchanga, na ufukwe wa saba ukatoweka kana kwamba ulikuwa uongo wa mwenye kijitabu.

Mama Mizani akachukua yai, akaligonga kwenye jiwe, akaanza kulimenya polepole.

“Kile kijiti,” alisema.

“Kijiti gani, mama?” aliuliza fundi.

“Unakijua. Nilichokivunja.” Aliondoa ganda lote kabla ya kuendelea. “Mimi nilikuja dukani kwako makusudi. Binti alikwisha kuniambia kuna fundi fulani. Nikasema ngoja nimwone kabla hajajipaka mafuta ya kuja kwangu. Nilikuja kukutafutia kosa, baba, na nikalipata hata sijakaa.”

“Lilikuwa kosa kweli.”

“Lilikuwa. Unakumbuka ulifanya nini?”

Fundi alikumbuka mlio wa mbao ikivunjika, na masikio yake yakiwaka moto. Zaidi ya hapo hakukumbuka kitu.

“Watu niliowakamata mimi miaka thelathini walikuwa na maneno mawili tu,” alisema mama. “Kuna anayesema hicho si changu, na kuna anayesema mbona wote wanafanya. Wewe ulikaa chini ukaniuliza, ‘Tangu lini?’ Sasa mimi nitajuaje tangu lini? Kisha ukavuta daftari la wateja, ukaanza kuwapigia simu waje wachukue kitambaa chao kilichopungua. Mimi nilitoka, lakini sikwenda. Nilisimama nje ya dirisha lako kama mdokozi. Nilisikiliza simu sita.”

“Nilikuwa naogopa, mama.”

“Najua. Sauti ilikuwa inakutetemeka. Nikasema mwoga wa namna hii namtaka kwangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia binti, huyo mlete.”

Upepo uligeuka kidogo, ukaleta harufu ya chumvi. Fundi alishika yai lake bila kulimenya. Miaka tisa ilimpita mbele ya macho: kila sikukuu, kila chakula cha Jumapili, kila mara alipokaa karibu na mlango.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningeanzia wapi? Unaniamkia kama mtu anaingia mahakamani. Nikajua una kinyongo. Binti alikuja kuniambia kijiti kilikuwa cha mwalimu wako.”

“Mimi nilidhani unaniona mwizi.”

“Na mimi nilidhani unaniona katili.”

Wakatazamana. Kitu kikaanza kumsumbua Mama Mizani kooni, akadhani ni yai, akakohoa, kumbe ni kicheko. Kilimtoka cha ghafla, kikubwa kuliko yeye, kikagonga jabali kikarudi. “Miaka tisa, baba,” alisema akifuta macho kwa pindo la kanga yake. “Na mwanangu wa watu anabeba barua.”

Fundi naye akacheka, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Walipotulia akasema jambo ambalo hakupanga kulisema. “Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kusema kweli sijui mtu anazungumza nini na mama.”

Mama Mizani hakumwonea huruma kwa maneno. Alimsogezea chungwa. “Chochote. Zaidi ni kulalamika. Mama kazi yake ni kulalamikiwa.”

“Nilalamike nini?”

“Anza popote.”

Fundi alifikiri kwa bidii. “Viti vya mwenye nyumba vimezama,” alisema hatimaye. “Mikanda imeoza. Nikivitazama tu mgongo unaniuma.”

“Enhe.”

“Na kile kitanda cha kukunja kinanikunja mimi.”

“Endelea.”

Akaendelea. Akalalamikia bei ya sponji, wateja wanaotaka kochi la kifalme kwa kitambaa cha pazia, goti lake la kushoto, jirani wa karakana anayepiga muziki asubuhi. Akamlalamikia hata mkewe, kwamba anaacha vijiko kwenye sinki, na mama wa mkewe akasema hilo lilikuwako tangu utoto, pole sana. Zilikuwa zimebaki saa nne. Alizijaza zote.

Saa kumi na moja uwazi ulifunguka, nao wakapita, mchanga mbichi ukiwanata miguuni. Mama wa duka alikuwa mlangoni, akawauliza kama ufukwe wameuona. Mwoka mikate aliwanyooshea mkate bila kuulizwa. Mwenye nyumba aliwapokea na chai, mabega yakiwa tayari yanatikisika.

“Mlinzi wa mnara alinipigia simu saa tano na dakika kumi,” alisema. “Aliwaona kwa darubini. Akasema wageni wako wako juu ya jiwe, nipeleke mashua? Nikamuuliza, wanazungumza? Akasema bado. Nikamwambia basi waache, jiwe lile halizami. Saa saba akapiga tena, akasema yule mama anacheka mpaka anajishika mbavu. Nikamwambia geuza darubini, tazama meli.”

Mama Mizani alitaka kukasirika. Aliutafuta ukali wake wa sokoni, akaukosa, akaomba sukari zaidi.

Siku ya nne ilikuwa ya kazi. Fundi alivitoa viti vyote kumi na viwili uani, akaving’oa vikalio, akapata kamba nzuri dukani na godoro la zamani lenye sponji nzima ndani. Alikaza, akapigilia, akavuta kitambaa huku mdomoni ana misumari. Mama Mizani alikata vipande kwa vipimo alivyotajiwa, akapima mara mbili kila kimoja, na kimoja akakikataa. Katikati ya kukata alimwomba mwenye nyumba vile vijitabu vya wageni vilivyopangwa mezani pale mapokezi. Vilikuwa arobaini. Akavirekebisha vyote kwa kalamu: kilometa nne na nusu, ngazi tisini na sita, na nne mchangani, duka la sabuni.

“Mama, utanifukuzia wageni,” alisema mwenye nyumba.

“Soma hapo chini.”

Chini ya maneno “fukwe saba” aliandika, kwa mwandiko ule ule wa karatasi za serikali: Ni kweli. Wenyeji watawaambia saa ya kupita. Bebeni mkate.

Mwaka uliofuata walikwenda watatu. Muuguzi alishuka kwenye boti akiwa na mguu mzima na hamu ya mwaka na zaidi, akasimama gatini akivuta hewa. Dereva wa trekta aliruka chini, akamkumbatia Futi, akamwamkia Mizani, akapakia mizigo yao akiwapa habari za mlango wa shule. Kisha akamgeukia muuguzi kwa heshima zote.

“Na wewe, mgeni, unafikia wapi?”

“Mimi ni wa hawa,” alisema muuguzi.

“Aa. Wa yupi kati yao?”

Kabla hajajibu, mumewe na mama yake walikwisha kuanza: huyu anasema aonyeshwe mnara kwanza, kwa sababu ya jua, yule anasema mnara haukimbii, aanzie kwenye tanuri mkate ungali moto. Mmoja akaonyesha kulia, mwingine kushoto. Wakatajiana hatua. Wakatajiana dakika. Muuguzi aliwatazama, akaweka mkoba wake chini, akavua viatu, akakaa kwenye ukuta wa gati miguu ikining’inia juu ya maji, akawaacha wabishane.